Mama Mkwe Akataa Kufa

"Kufa, sifi," mama mkwe alisema. "Tafuteni mwingine wa kufa."

Wifi yangu aliuma meno. Wifi ndiye mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo, na mama mkwe ndiye aliyemzaa, kwa hiyo jukwaani palikuwa na ugomvi wa aina mbili kwa mpigo: mwongozaji na mwigizaji wake, na mtoto na mama yake. Katika huo wa pili wifi alikuwa anashindwa vibaya.

"Mama, kitabuni umekufa. Ukurasa wa arobaini. Sikukuua mimi."

"Kitabu chenyewe kina kurasa ngapi?"

"Mia nne na ushee."

"Kurasa zote hizo watu wanasema, mimi nimelala? Si bora nilale kwangu, kuna godoro."

Kinyozi, ambaye anaigiza mchumba, alicheka. Wifi alimgeuzia jicho, na kinyozi akakumbuka kwamba alikuwa na kikohozi.

"Na kama ni suala la nani ameniua," mama mkwe akaendelea, akaninyooshea kidole, "mwulize wifi yako. Yeye ndiye mwenye kalamu. Ameua mtu mzima bila hata kubisha hodi."

Wote wakanigeukia mimi.

Aliyeikosa safu yangu hii ya gazeti wiki iliyopita asipate tabu, mkasa ni huu. Kikundi chetu hucheza mchezo mmoja kila mwaka katika ukumbi wa mtaa. Mwaka huu wifi alichagua riwaya ya zamani, nene kama tofali, ya jumba la baridi lenye milango inayojifunga yenyewe. Mimi nikapewa kazi ya kuigeuza iwe mchezo wa jukwaani, kwa sababu moja tu: kikundini mle ni mimi peke yangu niliyeisoma hadi mwisho.

Stashahada yangu ni ya ununuzi na ugavi, si ya fasihi. Nafanya kazi bohari. Chuoni tulifundishwa kutazama rundo la mali na kuuliza: kipi kinahitajika leo, kipi kingoje, kipi kitupwe. Nikaitazama riwaya kwa jicho hilo. Vyumba arobaini, nikatupa thelathini na tisa. Mbwa wawili weusi, nikatupa. Shangazi anayepiga kinanda gizani, nikatupa. Ukungu, wifi akaulilia, nikamwachia. Akaupika mwenyewe kwa maji ya moto kwenye sufuria nyuma ya pazia, na siku ya kwanza ukungu ule ukamuunguza kinyozi mguu.

Kilichobaki ni hiki. Kuna bibi kizee, wanamwita Bi Mkubwa, analala chumba cha juu. Ana kengele. Akiipiga, binti yake aliye chini anaacha kila kitu anapanda ngazi. Bi Mkubwa anakufa. Kengele haifi. Inaendelea kulia kule juu kwenye chumba kitupu, na binti anaendelea kupanda na sinia la chai, mwaka baada ya mwaka, huku mchumba anamngoja getini mpaka anaota mvi. Mwishoni kabisa binti anasimama mlangoni, kengele iko kimya kwa mara ya kwanza, anasema maneno ya kurasa mbili, na anaondoka.

Hayo maneno ya kurasa mbili sikuyagusa. Nilikata kila kitu ili yale yapate nafasi.

Nilikuwa na sababu. Msichana aliyepewa nafasi ya binti alipata kazi mji mwingine akaondoka, na wifi akamweka mwanangu, kitindamimba wangu. Mwanangu anataka chuo cha sanaa. Chuo chenyewe hakina usaili wa kukaa mezani. Mwalimu wake huzunguka, anatazama watu wakiwa jukwaani, anachagua anayemtaka. Mwaka jana hakufika kwetu. Mwaka ujao mwanangu umri utakuwa umempita. Mwaka huu mwalimu amesema atakuja, Jumamosi, kwenye mchezo wetu.

Kwa hiyo mchezo ule haukuwa mchezo. Na mama mkwe, aliyekubali kuwa Bi Mkubwa baada ya yule wa kwanza kugombana na wifi akaondoka na wigi letu, sasa alikuwa amesimama katikati ya jukwaa anakataa kufa.

"Mama," nikasema, "umeelewa vibaya. Ukifa ndiyo kazi yako inaanza."

"Kazi gani ya maiti?"

"Kengele. Wewe ukishakufa, nani ataipiga? Ni wewe. Uko nyuma ya kitambaa kule juu, hakuna anayekuona, lakini ukipiga, jukwaa zima linasimama."

Akashusha kile kidole.

"Nikipiga wanasimama?"

"Wanasimama."

"Na mjukuu wangu anapanda?"

"Anapanda."

Alitazama ngazi, akatazama ukumbi, akatazama viti vitupu kana kwamba anavihesabia watu.

"Basi nitakufa," akasema. "Lakini nitakufa taratibu. Msiniharakishe."

Nilijiona nina akili sana siku ile. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshajiona, nikaongeza nyingine. Kikundi hakikuwa na kengele, na wifi alitaka tukatafute. Nikamwambia ya nini kutafuta, nyumbani ipo. Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha uani, na tangu nyonga ilipoanza kumsumbua ana kengele yake ya shaba yenye mpini wa mbao. Akitaka maji anapiga. Akitaka kugeuziwa mto anapiga. Mwanangu ndiye anayekwenda. Amekwenda tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi, mpaka leo ana kifua cha kike na anajifunga kilemba mwenyewe, bado anakwenda.

Ununuzi na ugavi, somo la kwanza: usinunue ulichonacho. Kengele ya nyumbani ikaenda jukwaani.

Msomaji, kama umeshaliona kosa, umenishinda. Mimi nililiona likiwa limeshazaa.

Wifi ana sheria zake za mazoezi, na hii aliitia mkazo kuliko zote: kengele ikilia, binti anapanda, hata kama yuko katikati ya neno. Hafikiri. Hageuki kutazama. Miguu inatangulia, uso unafuata. Alimkalisha mwanangu chini jioni baada ya jioni, anapiga, yule anapanda, anapiga, yule anapanda. Mimi nilikuwa pembeni na karatasi zangu, nawaza bosi anangoja hesabu ya bohari. Kweli ilipendeza kutazama. Ungeapa kwamba kuna uzi umefungwa kutoka kwenye kengele hadi kwenye vifundo vya miguu yake.

Kisha tukafika mwisho, kwenye maneno ya kurasa mbili. Mwanangu akasimama mlangoni na sinia lake. Akavuta pumzi.

"Kesho asubuhi sitakuwepo."

Kengele ikalia.

Akapanda.

Wifi akapiga makofi kusimamisha. Akaeleza kwa upole kwamba hapa kengele haipigwi, ndiyo maana yake. Mama mkwe akasema kwa sauti kutoka nyuma ya kitambaa kwamba mkono umeteleza.

Wakarudia. Kesho asubuhi sitakuwepo. Kengele. Mwanangu akapanda, akafika juu, akajishika kichwa.

Safari hii mama mkwe alidhani ni ile sehemu nyingine. Ya tatu, aliona mchezo umepoa akataka kuuchangamsha. Ya nne, alisinzia akaota ni nyumbani.

Nilimwambia mwanangu asipande tu. Ajikaze, aendelee kusema.

"Mama, sipandi mimi," akanijibu. "Miguu inakwenda. Nikija kushtuka niko juu."

Nikapendekeza tubadilishe kengele. Hapo mama mkwe akakunja kanga yake na kuiweka mkobani. Kengele yake ikitoka, na yeye anatoka. Na wigi pia, maana la sasa ni lake.

Wifi akanivuta kando. Zimebaki siku chache, hatuna kizee mwingine, watu wameshaambiwa. "Na wifi yangu," akaninong'oneza, "yule ni mama. Mimi nimwambie nini? Umwambie wewe."

Nimwambie mimi. Mkwe amwambie mama mkwe anyamaze mbele za watu, halafu jioni wakutane jikoni. Asante.

Nikamtuma mume wangu. Mume wangu ni seremala, ndiye aliyetutengenezea ngazi na lile jukwaa dogo la juu. Ni mwanamume hodari mbele ya mbao. Mbele ya mama yake ni kitu kingine.

"Mimi nimwingilie kwenye mambo yenu ya sanaa?" akauliza.

"Yule ni mama yako."

"Ndiyo maana."

"Na huyu ni mwanao."

Akakuna shingo. Akasema tuvute subira. Nikamwambia subira yangu nimeivuta mpaka imekatika, aende. Akaenda. Alikaa chumba cha uani muda mrefu, nikamsikia anacheka, nikamsikia anakohoa, nikamsikia anaagiza chai. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa.

"Tumeelewana," akasema.

"Hatapiga?"

"Hilo hatukulifikia. Lakini ameridhika sasa. Alikuwa anaumia kukaa nyuma ya kitambaa, haoni watu. Nimemwahidi nitakitoa kitambaa. Nitamtengenezea kitanda pale juu, alale hadharani."

Nilimtazama mwanamume niliyezaa naye watoto wanne.

"Yaani umemsogeza maiti mbele."

"Kitanda kitakuwa kizuri," akasema. "Cha mninga."

Na kweli kilikuwa kizuri. Kikapandishwa juu kikitazama ukumbi, na kile kitambaa kikahamishiwa nyuma yake. Mimi nikabaki nyuma ya kitambaa, chini, kwenye stuli, na mchezo mzima mapajani. Kazi yangu siku ya onyesho ni ukumbushaji: mtu akisahau neno, mimi namnong'oneza. Kichwa cha mama mkwe kilikuwa juu yangu, mbali kiasi cha mkono na nusu. Nilikuwa nasikia hata anavyopumua. Lakini kumfikia sikuweza, kwa sababu njia ya kwenda kitandani ni moja tu, zile ngazi, na ngazi ziko mbele ya watu.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwalimu wa chuo alikuja kabla ya saa tisa, mwanamke mfupi aliyevaa raba, na mkoba mgongoni. Akakaa safu ya pili, pembeni, karibu na nguzo. Alimwambia wifi waziwazi kwamba ana basi la saa kumi na moja, kwa hiyo akiona amepata alichokifuata, au ameona hakipo, ataondoka bila kuaga, tusimwone hana adabu.

Nilichungulia kupitia tundu la kitambaa, nikauona mkoba ule ukiwa sakafuni, umeegemea mguu wa kiti. Nikajiambia: tazama mkoba. Mkoba ukiwa chini, tuko salama.

Tulianza vizuri. Ukungu ulitoka bila kumuunguza mtu. Mwanangu aliingia na sinia, na sijui nisemeje bila kuonekana ni mama anayesifia chake, lakini watu waliacha kutafuna.

Kisha mama mkwe akafa.

Nilimwandikia sentensi tatu. Alitumia ya kwanza, akaiweka kando, akaanza zake. Aliwausia watoto wasigombane. Akalalamika mto ni mgumu. Akawaambia wanawake wa safu ya mbele wasiwe wepesi wa kuazima vyombo. Alikata roho, akairudisha, akakumbuka kitu kuhusu mlango wa jikoni, akaikata tena. Ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko na machozi. Alipotulia makofi yalitikisa bati, naye akafumbua jicho moja kuona ni kina nani.

Sawa, nikasema. Amepata chake. Sasa atamwachia mtoto.

Na kwa muda mrefu alimwachia. Alipiga kengele pale palipoandikwa, kwa kipimo, vizuri kabisa. Mwanangu alikuwa anapanda na kushuka, na kila aliposhuka alikuwa amechoka kidogo zaidi na amezeeka kidogo zaidi, bila poda wala wigi, kwa mabega tu. Kinyozi akaja na ile sehemu yake ndefu ya getini ambayo hata mimi niliyeiandika hunitia usingizi. Hapo kama ni kuchangamsha, ndipo pa kuchangamsha. Mama mkwe hakugusa kengele.

Hilo likanipita. Lingenipita kabisa kama mwanangu asingefika mlangoni.

"Kesho asubuhi sitakuwepo."

Kengele.

Akapanda. Akashuka. Watu wachache wakacheka, wakidhani ndivyo ilivyo. Akasimama tena mahali pake, akasubiri, akavuta pumzi.

"Kesho asubuhi sita..."

Kengele. Sasa ukumbi wote ulicheka. Nikatazama upande wa pili wa jukwaa, wifi amenikenulia meno yote, ameninyanyulia kidole gumba. Watu wanafurahi. Yeye hilo lilimtosha.

Nikachungulia tunduni. Mwalimu wa chuo hakuwa anacheka. Alitazama saa yake.

Ndipo kile kilichonipita kikarudi. Mkono hautelezi mahali pamoja kila siku. Mama mkwe alikaa kimya sehemu nzima ya kinyozi, kisha anapiga kwenye sentensi moja, ileile, tangu siku ya kwanza.

Nikasimama juu ya stuli, nikaweka mdomo kwenye kitambaa.

"Mama. Usipige tena."

"Anasema anaondoka," sauti ikajibu, ndogo, midomo haitikisiki.

"Ni maneno ya kitabu."

"Yule mwanamke wa mkoba ametoka kitabuni?"

Chini mwanangu alikuwa anashuka ngazi kwa mara nyingine.

"Mnadhani sijui," mama mkwe akasema. "Mnaongea jikoni, mnadhani nyonga ikiharibika na masikio yanaharibika. Chuo kiko mbali, analala hukohuko, anarudi likizo. Haya. Nikipiga kengele nani atakuja? Wewe?"

Na akacheka. Amekufa, watu mia na zaidi wanamtazama, na bado alicheka, nikaona kitanda cha mninga kinatikisika.

Nimfahamishe msomaji asije akanihukumu vibaya. Dawa za mama mkwe nazileta mimi. Kliniki nampeleka mimi. Shuka zake nafua mimi. Lakini kengele haikuwa yangu. Kengele ilikuwa ya mwanangu, kama bohari ilivyo yangu na randa ilivyo ya baba yake. Nyumbani kwetu ikilia hakuna anayeinua kichwa, kila mtu anaendelea na lake, maana mwenyewe ameshaondoka kwenda. Hatukuwahi kukaa tukapanga. Ilikuwa tu hivyo, na ikatufaa.

"Mama, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani mtaniambia subira."

Hapo alikuwa na haki yake. Ndivyo ambavyo tungemwambia.

Mwanangu alikuwa amefika mlangoni. Safari hii hakusubiri. Alitaka kuiwahi kengele.

"Kesho asubuhi..."

Kengele.

Kicheko kilipanda mpaka kwenye bati. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpandie bibi, dada, atakasirika." Mwanangu aligeuka kuelekea ngazi na nikauona uso wake. Haukuwa uso wa binti wa kitabuni. Ulikuwa uso aliokuwa nao mwaka jana, aliporudi kutoka kituo cha basi baada ya kumngoja mwalimu ambaye hakuja.

Nikachungulia safu ya pili. Mkoba haukuwa sakafuni tena. Ulikuwa mapajani, na mwanamke yule alikuwa anaingiza mkono mmoja kwenye mkanda wa huo mkoba.

Kipi kinahitajika leo. Kipi kingoje. Kipi kitupwe.

Niliweka mchezo wangu juu ya stuli, kurasa zote. Nilikuwa nimevaa gauni la kazini na kandambili, miwani iko kichwani. Nikazunguka kitambaa nikaingia jukwaani.

Watu hawakujua mimi ni nani. Waliojua walidhani nimechanganyikiwa. Wifi alikuwa anapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza kuku.

Mwanangu alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nikalishika sinia. Hakuliachia. Mikono yake ilikuwa imelikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Lete," nikasema kwa sauti, ili wasikie hata wa madirishani. "Hii ya leo naitika mimi."

"Mama, haimo kwenye mchezo," akanong'ona.

"Imo sasa. Rudi mlangoni."

Akaachia.

Nikapanda. Ngazi za mume wangu hazilii, hilo nimpe, fundi ni fundi. Lakini kandambili zililia, kila hatua, na kile kicheko kikaanza kupungua kidogokidogo, kama redio inayoishiwa betri. Nilipofika juu hakuna aliyekuwa anacheka.

"Umeita, mama?" nikasema.

Maiti haijibu. Mama mkwe alilala chali, macho yamefumbwa, kengele kifuani chini ya viganja. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, sinia magotini.

"Nani amekuita wewe?" akanong'ona.

"Kengele."

Chini, mlangoni, mwanangu alikuwa amesimama ametupa mgongo. Nikaona mabega yakipanda.

"Kesho asubuhi sitakuwepo," akasema.

Mama mkwe alipiga kengele. Aliipiga kwa nguvu zake zote, kama anayeita kijiji.

Nikatazama miguu ya mwanangu. Kisigino cha kulia kilinyanyuka. Kikasimama hewani.

"Nipo, mama," nikasema.

Kisigino kikashuka chini, taratibu, kikatulia.

"Chai iko mezani, na kikombe kimefunikwa," mwanangu akaendelea. Sauti yake ilitetemeka, kisha ikaacha. "Taa nimeijaza mafuta. Nimepanda ngazi hizi mpaka zimenijua uzito. Leo nataka ardhi ya nje inijue."

Kengele.

"Nipo."

"Na usiku je?" mama mkwe akanong'ona. Sasa hakuwa anaigiza, nilimjua. "Nikitaka maji usiku?"

"Nitaitika."

"Utachoka. Una kazi."

"Nitachoka, mama. Na nitaitika."

"Unasema hivyo kwa sababu watu wanatutazama."

"Watu wananitazama, ndiyo, wamenisikia wote. Nikikana kesho utakuwa na mashahidi ukumbi mzima."

Alifikiri juu ya hilo. Mwanangu alikuwa amefika ukurasa wa pili. Sikuwa nasikia mtu anakohoa. Kinyozi alikuwa amesimama getini pake mdomo wazi, amesahau kwamba zamu yake ya kuingia imekaribia, na mkumbushaji wake alikuwa amekaa kitandani na maiti.

Kengele ikalia tena, safari hii kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama kweli umefungwa.

"Nipo, mama."

Akafumbua jicho la upande wangu, uzi mwembamba tu.

"Yule mwanamke wa mkoba," akasema. "Amekaa au amekwenda?"

Nikatazama safu ya pili. Kutoka kitandani, ile nguzo ilikuwa imesimama kati yangu na kiti chake. Niliona ukingo wa kiti. Sikuona raba, sikuona mkoba, sikuona mtu.

"Sioni. Nguzo imeziba."

"Si usimame uone."

"Nikisimama utapiga."

Hakukanusha. Aliihamisha kengele kutoka mkono mmoja hadi mwingine, upande wa mbali na mimi, akaishika vizuri.

Chini, mwanangu alishika kitasa cha mlango.

Niliweka sinia sakafuni. Nikavua kandambili, nikapandisha miguu juu ya kitanda, nikakaa.